Asilimia 96, kisha 71, kisha 55: Namba ya kukubalika kwa rais inasomwaje?

Septemba 2016, Rais John Magufuli akikaribia kutimiza mwaka mmoja Ikulu, taasisi ya Twaweza ilitangaza kwamba asilimia 96 ya wananchi waliohojiwa wanaukubali utendaji wake. Juni 2017 taasisi ileile ikarudi na asilimia 71. Julai 2018 ikaja na 55.

Nayakumbuka mabishano ya kila mara. Walioishangilia 96 walisema 55 imepikwa. Waliosema 96 ni woga mtupu waliipokea 55 kama wahyi, bila kuuliza imepatikanaje. Na zote tatu zilitoka jiko moja: mradi wa Sauti za Wananchi, watu wa kupigiwa simu, njia ileile ya kuuliza. Anayeikataa moja ana deni la kutueleza kwa nini anaikubali nyingine.

Mimi naona zote tatu zina la kusema, ila si lile lililobandikwa kwenye vichwa vya habari.

Tuanze na jina, maana nalo limetuponza. Kwa Kiswahili kitu hiki tunakiita kura ya maoni. Mtanzania akisikia kura za maoni anakumbuka mchujo wa wagombea ndani ya CCM. Mkenya anakumbuka Agosti 2010, siku walipoipitisha katiba mpya. Kura hizo zikipigwa, jambo limeamuliwa. Hii tunayoizungumzia haiamui chochote na haina mshindi. Watu wachache wanaulizwa, majibu yao yanahesabiwa, na mtafiti anakisia umma mzima ungejibu nini siku zile. Ni utafiti wa maoni, basi. Laiti tungeuita hivyo tangu mwanzo, nusu ya ugomvi usingekuwepo.

Nusu ya pili inatokana na neno kukubalika. Mtu "anakubalika" kwa namna nyingi: anapendwa, anaheshimiwa, anaogopwa, au hakuna mwingine. Swali lenyewe huwa finyu zaidi. Marekani, ambako kampuni ya utafiti wa maoni ya Gallup ililiuliza kwa miongo mingi tangu enzi za Franklin Roosevelt, linahusu namna rais anavyoifanya kazi yake: unaikubali au huikubali? Haliulizi kama unampenda, wala kama utampigia kura. Mwenye nyumba anaweza kukuambia fundi huyu anajenga vizuri, na akipata kiwanja cha pili akamtafuta fundi mwingine. Kura ya uchaguzi ni ulinganisho wa watu walio kwenye karatasi. Namba ya kukubalika haina mshindani ndani yake.

Ukilishika hilo, ile 96 inaanza kueleweka. Oktoba 2015 Magufuli alitangazwa mshindi kwa asilimia 58, mgombea wa upinzani Edward Lowassa akipata karibu 40. Chini ya mwaka mmoja baadaye 96 wanasema anafanya kazi vizuri. Maana yake ni kwamba wengi wa waliompigia Lowassa nao walisema hivyo. Na kwa nini wasiseme? Walitaka mabadiliko, na waliyaona yakija kwa mkono wa mtu waliyemnyima kura: sherehe za Uhuru za 2015 zimefutwa watu wakashike mafagio, ada zimeondolewa shuleni, majipu, yaani watumishi wazembe na wala rushwa, yanatumbuliwa asubuhi na jioni. Hawakuwa wamehama chama. Waliulizwa kuhusu kazi, wakajibu kuhusu kazi.

Kinyume chake kilimkuta George Bush mkubwa. Mapema 1991, vita vya Ghuba vikiwa vimekwisha na Kuwait imekombolewa, Gallup walimpa asilimia 89. Novemba 1992 alipata asilimia 37 ya kura akarudi kwao. Waliomsifu kwa vita walikuja kumhukumu kwa uchumi, na safari hii palikuwa na Bill Clinton pembeni.

Bambo na gunia

Mjomba wangu, dereva wa malori aliyestaafu, alinipigia siku ile 55 ilipotoka. "Mjomba," akaniambia (kwetu mjomba na mpwa huitana hivyohivyo), "mimi nina simu mbili na laini nne. Hakuna aliyenipigia. Wewe wamekupigia?" Nikasema hapana. "Basi hao wananchi ni wa nchi gani?"

Ni swali halali. Waliohojiwa raundi ile, ambayo simu zake zilipigwa Aprili 2018, walikuwa 1,241. Walioandikishwa kupiga kura mwaka 2015 walikuwa zaidi ya milioni 23. Gawanya, utaona kila mhojiwa mmoja anasimama badala ya watu zaidi ya 18,000. Mjomba angeweza kuishi miaka mingi na laini zake nne bila simu hiyo kumfikia, na utafiti ukawa sahihi.

Nilimjibu kwa kitu anachokijua. Amebeba mchele wa Kyela na Mbarali miaka mingi, na amewaona wanunuzi na bambo, kile chuma chenye mfereji kinachochomwa kwenye gunia kikatoka na punje chache kiganjani. Hakuna anayemwaga gunia zima chini ili ajue kama mchele una chenga. Na bambo halijali gunia ni la kilo 50 au 100. Kiganja kilekile kinatosha. Ndiyo maana watu 1,200 wanatosha Tanzania na wanatosha Marekani yenye watu mara nyingi zaidi. Linalojali bambo ni mahali unapolichoma. Muuzaji mjanja huweka mchele mzuri mdomoni mwa gunia, na mnunuzi mvivu huchoma hapohapo.

Mnunuzi mvivu mashuhuri kuliko wote katika historia ya kazi hii ni jarida la Literary Digest la Marekani. Mwaka 1936 lilituma kadi milioni 10 za kuuliza watu watampigia nani, na likarudishiwa zaidi ya milioni mbili. Kwa hesabu yake Alf Landon angemshinda Roosevelt kwa kupata asilimia 57 ya kura. Roosevelt alichukua majimbo 46 kati ya 48. Majina ya kutumiwa kadi yalikuwa yameokotwa zaidi kwenye vitabu vya simu na orodha za wenye magari, na katika mdororo ule wa uchumi mwenye simu na gari hakuwa Mmarekani wa kawaida. Tena waliojisumbua kurudisha kadi hawakufanana na waliozitupa. George Gallup, kwa sampuli ndogo kuliko hiyo mara nyingi, alimtaja mshindi sawasawa. Kwa hiyo ukiona kura za mtandaoni ambazo kila apitaye anabofya, watu laki tatu wameshiriki, kumbuka kadi milioni mbili.

Twaweza walilikwepa shimo hilo kwa njia niliyoipenda. Walichagua kaya 2,000 za Tanzania Bara kwa bahati nasibu, wakazifuata huko ziliko, wakamchagua mtu mzima mmoja katika kila kaya, wakamkabidhi simu na chaja ya sola. Baada ya hapo wakawa wanampigia raundi baada ya raundi. Asiye na simu hakuachwa nje, alipewa. Njia ya Afrobarometer, mtandao wa kutafiti maoni katika nchi za Afrika, ni nyingine: mhojaji anakwenda mwenyewe kwenye maeneo yaliyochaguliwa kwa bahati nasibu kutoka kwenye sensa, anahesabu nyumba kwa kuruka, anapishanisha mwanamke na mwanamume, anahoji watu wanane kila eneo, uso kwa uso.

Kundi la kudumu kama la Twaweza lina maradhi yake. Watu huhama, huuza simu, huchoka, hufariki. Kundi lilianza na 2,000. Aprili 2018 walipatikana 1,241. Wanaobaki huenda si sawa na wanaopotea. Na mtu anayepigiwa mara kwa mara na kuulizwa kuhusu serikali huanza kuifuatilia serikali kuliko jirani yake. Jambo jingine ambalo magazeti hayakulitilia maanani: Zanzibar haikuwemo. "Watanzania" wa vichwa vya habari walikuwa wa Bara.

Kuna hesabu moja ambayo kila msomaji anaweza kuifanya kwa simu yake. Tafuta kipeuo cha pili cha idadi ya waliohojiwa, kisha gawanya moja kwa hicho. Kwa watu 1,241 utapata karibu asilimia 3. Huo ndio, kwa makadirio, unaoitwa kiwango cha makosa: 55 inaweza kuwa 52, inaweza kuwa 58, na tusigombane kwa sababu ya pointi mbili. Kwa watu 400 ni asilimia 5, kwa watu 100 ni asilimia 10. Hapa wengi huteleza. Wakiambiwa vijana wa mjini wanamkubali rais kuliko vijana wa vijijini, hawaulizi vijana hao walikuwa wangapi ndani ya wale 1,241. Wakiwa 150, kiwango cha makosa kimepanda hadi 8, na tofauti ya pointi tano ni upepo.

Kushuka kutoka 96 hadi 71, kisha 55, hakuwezi kuelezwa na hesabu hiyo. Pointi 41 si bahati mbaya ya uchaguzi wa majina. Ila hesabu hiyo inapima bahati nasibu tu. Haipimi swali lililoulizwa vibaya, haipimi watu waliogoma kupokea simu, na haipimi woga.

Nani amekutuma?

Mwisho wa mahojiano yake Afrobarometer huuliza swali ambalo kwangu ndilo tamu kuliko yote: unadhani nani ametutuma? Mhojaji amejitambulisha mwanzoni kwamba hatoki serikalini wala kwenye chama. Bado, nchi baada ya nchi, watu wengi hujibu kwamba ni serikali. Na wanaojibu hivyo huwa na mazoea ya kuisifu serikali kuliko wengine.

Kwa Tanzania mimi sishangai. Mtafiti hawezi kuingia kijijini kimyakimya. Ataanza kwa mtendaji na barua yake, atapelekwa kwa mwenyekiti, pengine atapewa mtu wa kumwongoza. Mpaka anaketi kwenye mkeka wa mama wa watu na kufungua dodoso, amekwisha kupitia ngazi zote za dola zilizopo pale. Halafu anauliza: mama, unaridhika na kazi ya rais? Mwaka 2002 watafiti wa Afrobarometer waliokuwa wakishangazwa na sifa ambazo Watanzania waliimwagia serikali yao waliandika andiko wakijiuliza, kwenye kichwa chake, kama hawa ni raia wasiokosoa au ni wadhamini wenye subira. Jibu la tatu, kwamba ni watu wanaojua mgeni kaletwa na nani, halistahili kusahauliwa.

Simu inapunguza tatizo kidogo na kuliongeza kidogo. Hakuna mwenyekiti aliyesimama mlangoni, lakini anayekupigia ana namba yako, anakujua jina, na alikuja kwako kukupa simu hiyo.

Je, kuna ushahidi kwamba namba za Twaweza ziliegemea upande wa watawala? Upo mmoja. Septemba 2015, mwezi mmoja kabla ya uchaguzi, walichapisha kwamba 65 wangempigia Magufuli na 25 Lowassa. Ipsos, kampuni nyingine ya utafiti, nao wakatoa 62 kwa 31. Tume ya Uchaguzi ikatangaza 58 kwa 40. Mshindi walimpata, lakini Lowassa wa Twaweza alipungukiwa pointi 15, nyingi mno kwa kiwango cha makosa kuzibeba. Sehemu inaelezeka kwa muda: kampeni ziliendelea, na Lowassa alikuwa amehamia upinzani mwishoni mwa Julai tu. Sehemu nadhani ni watu waliotaja jina salama, au waliosema hawajaamua.

Hao wa "sijaamua" wana hila yao. Kenya, siku chache kabla ya uchaguzi wa Agosti 2022, Ipsos walimpa Raila Odinga 47 na William Ruto 41, na kampuni ya TIFA 46.7 kwa 44.4. Jumlisha kila jozi uone kilichobaki: asilimia 12 kwa wa kwanza, karibu 9 kwa wa pili, kukiwa na wagombea wengine wawili tu wasio na nguvu. Matokeo yakawa Ruto 50.49, Raila 48.85. Vichwa vya habari vilizungumzia uongozi wa Raila, wakati habari yenyewe ilikuwa imekaa kwa wale walionyamaza. Hata kwenye namba ya kukubalika ni hivyo: 55 wanaokubali haimaanishi 45 wanakataa. Daima tafuta kiasi cha waliosema hapana, na kiasi cha waliosema sijui.

Wanatakwimu wamebuni njia ya kuupima woga bila kumlazimisha mtu ajianike. Unagawa wahojiwa makundi mawili kwa bahati nasibu. Kundi la kwanza linasomewa majina ya viongozi watatu, mathalani marehemu wawili na mmoja wa nchi jirani, na kuulizwa: kati ya hawa unawakubali wangapi? Taja idadi tu, usitaje jina. Kundi la pili linasomewa majina yaleyale, na la nne ni la rais aliye madarakani. Nalo linataja idadi tu. Mhojaji hawezi kujua uliyemkubali ni yupi. Lakini tuseme kundi la kwanza limepata wastani wa 1.2 na la pili 1.9. Kilichoongeza ile 0.7 ni jina la rais peke yake: asilimia 70 wanamkubali. Ukiwauliza watu wengine moja kwa moja ukapata 85, zile pointi 15 za katikati ni adabu, au hofu.

Watafiti wanne walilifanya hilo Urusi mapema mwaka 2015, wakati Vladimir Putin akipata zaidi ya 80 kwa swali la wazi. Wengi walitaraji namba iporomoke. Haikuporomoka, makadirio ya orodha yalikaa karibu na 80. Kwa wakati ule sifa nyingi zilikuwa za kweli. Matokeo hayo yaliwaudhi wapinzani wake na nadhani yalipaswa kuwaudhi, kwa sababu ni rahisi mno kudhani kila mtu anayesema usichokipenda wewe ameshikiwa bunduki.

Sasa turudi kwetu. Tukubali kwamba woga ulikuwepo na uliinua namba zote tatu. Kati ya 2016 na 2018 ulipungua au uliongezeka? Mikutano ya hadhara ya siasa ilizuiwa katikati ya 2016. Septemba 2017 mbunge wa upinzani Tundu Lissu alipigwa risasi Dodoma. Novemba mwaka huo mwandishi Azory Gwanda akatoweka Kibiti. Februari 2018 mwanafunzi Akwilina Akwilini aliuawa kwa risasi ndani ya daladala Kinondoni, polisi wakitawanya waandamanaji. Kama kitu pekee kinachosukuma namba juu ni hofu, basi 2018 ingekuwa juu kuliko 2016. Ilishuka. Kwa hiyo woga unaweza kunifanya nishuku kama 96 ilikuwa 96, na kama 55 ilikuwa 55, lakini hauwezi kunieleza kwa nini ya pili iko chini ya ya kwanza. Ukitumia mizani iliyopinda kwa kiasi kilekile kila wiki, uzito wako halisi huujui, lakini kukonda unajua umekonda. Na mizani yetu hii, kama ilizidi kupinda, ilipinda kuelekea juu. Ndiyo sababu nikilazimishwa kuchagua nitauamini mteremko kuliko namba yoyote kati ya hizo tatu.

Fungate huisha

Kwa nini aliteremka? Marais wengi huteremka. Pwani tuna fungate, siku saba za maarusi kukaa ndani, chakula kinaletwa, hakuna anayeulizwa lolote. Siku ya nane watu wanatoka na maisha yanaanza. Harry Truman aliingia Aprili 1945 baada ya kifo cha Roosevelt, na Juni Gallup wakampa 87. Februari 1952, vita vya Korea vikiwa vimekwama, alikuwa na 22. Richard Nixon alikuwa na zaidi ya 65 Januari 1973 na 24 alipojiuzulu Agosti 1974.

Njiani huwa kuna vilima. George Bush mdogo alikuwa na 51 siku chache kabla ya Septemba 11, 2001. Kabla mwezi haujaisha alikuwa na 90, ya juu kuliko zote katika kumbukumbu za Gallup. Taifa likishambuliwa watu hujikusanya kwa kiongozi wao, awe amefanya jambo au hajafanya. Kilima kile kiliyeyuka taratibu, na mwaka 2008 aligusa 25.

Kwa Magufuli sababu zilirundikana. Umaarufu wa wabunge, madiwani na wenyeviti wa vijiji na mitaa nao ulishuka katika tafiti hizohizo, jambo ambalo waliofurahia au kukasirika hawakulitaja sana. Pale viongozi wote wanaposhuka pamoja, sehemu ya hasira ni ya hali, haina jina la mtu: bei, ajira, pesa kutoonekana mtaani. Halafu kulikuwa na waliomegwa mmojammoja. Watumishi karibu 10,000 walioondolewa kwa vyeti vya kughushi Aprili 2017 walikuwa na wake, waume, wazazi waliowategemea. Waliobomolewa nyumba Kimara kupisha Barabara ya Morogoro walikuwa na ndugu waliokwenda kuwabebea mabati. Na 55 iko karibu sana na zile 58 za kura za 2015. Kwa jicho langu inaonekana wale wa Lowassa waliompa nafasi mwaka wa kwanza walirudi walikotoka, ingawa kuthibitisha kungehitaji kufuatilia majibu ya mtu mmojammoja.

Angalia pia tarehe, na namaanisha tarehe ya kuhoji. Ile 71 ilitangazwa katikati ya Juni 2017, siku chache baada ya ripoti ya pili ya makinikia, ule mchanga wa madini uliokuwa ukisafirishwa nje, kusomwa Ikulu mbele ya kamera, nchi nzima ikimshangilia rais kwa kuwabana Acacia, kampuni ya kuchimba dhahabu. Watu walishangaa: amewezaje kushuka wiki hii? Hakushuka wiki hiyo. Maoni yalikuwa yamekusanywa kabla ya ripoti hiyo kusomwa. Utafiti wa maoni ni kama barua ya zamani. Ukiifungua unasoma habari za siku iliyoandikwa.

Baada ya 55

Kilichofuata hakikuwa mjadala wa sampuli. Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, iliwaandikia Twaweza Julai hiyohiyo ikiwataka wajieleze kwa nini wasichukuliwe hatua kwa kuchapisha utafiti bila kibali chake. Barua ilizagaa mitandaoni. Kabla mwezi haujaisha Idara ya Uhamiaji ilikuwa imeichukua pasi ya kusafiria ya mkurugenzi mtendaji wa Twaweza, Aidan Eyakuze, kwa maelezo kwamba uraia wake unachunguzwa. Nikumbushe tu kwamba taasisi ni ileile iliyotangaza 96, na kwamba mwaka 2016 sikusikia mtu akiuliza kuhusu kibali, wala uraia.

Septemba 2018 Bunge likaifanyia marekebisho Sheria ya Takwimu ya 2015. Ikawa huwezi kuchapisha takwimu bila idhini ya Ofisi ya Taifa ya Takwimu, na ikawa kosa kusambaza takwimu zinazokusudia kubatilisha, kupotosha au kutia doa takwimu rasmi. Benki ya Dunia ilitoa tamko la wasiwasi. Juni 2019 sheria ikarekebishwa tena na kosa hilo likaondolewa. Kichekesho cha jambo ni kwamba hakuna takwimu rasmi ya kukubalika kwa rais ambayo mtu angeweza kuitia doa. Ofisi ya Takwimu inahesabu watu, ng'ombe na mfumuko wa bei. Haimuulizi mtu anamwonaje mkuu wa nchi.

Kenya walichagua kukaza upande mwingine. Sheria yao ya 2012 kuhusu tafiti za maoni ya uchaguzi inamtaka anayechapisha aeleze nani amelipia, wamehojiwa wangapi, lini, kwa swali gani, na kiwango cha makosa ni kipi, na inazuia kuchapisha siku tano za mwisho kabla ya kura. Kwao bado watu wanatukanana kuhusu kampuni ipi imenunuliwa na nani, na pengine wako sahihi mara mojamoja. Lakini mwananchi anayetaka kukagua ana pa kuanzia.

Oktoba 2020 Tume ya Taifa ya Uchaguzi ilimtangaza Magufuli mshindi kwa asilimia 84. Upinzani uliyakataa matokeo. Mjomba akapiga simu, safari hii kwa sauti ya chini kidogo kuliko mazoea yake, akataka nimlinganishie 84 na ile 55 tuliyobishania. Nilimwambia moja ni kura na nyingine ni maoni, hazilinganishwi hivihivi. Mwaka 2015, nikamwambia, tulikuwa na 65 ya Twaweza na 62 ya Ipsos za kuweka kando ya 58 ya Tume, tukaona nani amekosea na kwa kiasi gani. Akauliza: na mara hii tuna nini cha kuweka kando? Nilitafuta. Namba ya mwisho niliyokuwa nayo ilitokana na simu zilizopigwa Aprili 2018, miezi 30 nyuma.